Haijapatikana Si Sawa na Haipo

Saa saba usiku, Ukunda. Stima iko, bando iko, chai ya tangawizi iko. Laptopu yangu ya mtumba inapiga feni kama mashine ya kusaga mahindi, na mimi nimekodolea macho mstari mmoja kwenye skrini nyeusi:

ERROR: whisper >= 1.7.5 not found using pkg-config

Kama hujawahi kuona kitu kama hiki, tulia, nitakueleza. Kama umewahi, basi unajua vile tumbo linavyokaza.

Mimi mstari wa ukoo huu niliuona mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulipewa kazi ya kujenga programu kutoka kwa msimbo wake, yaani unachukua maandishi aliyoandika mtu, unaiambia kompyuta iyageuze yawe programu inayofanya kazi. Yangu ikagoma. Ikaniambia maktaba fulani haipatikani. Mimi nilichosoma pale ni: wewe huwezi. Nikanyamaza, jina langu likawekwa kwenye kazi ya wenzangu, maisha yakaendelea. Muhula uliofuata karo ikakataa, nikarudi nyumbani. Watu wakiniuliza nawaambia niliacha chuo kwa sababu ya pesa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nishajiambia kitambo kwamba hii kazi si ya watu kama mimi.

Sasa mstari ule umerudi, na safari hii hakuna wenzangu wa kunibeba. Ninacho kitu nakitaka. Bibi yangu yuko Msambweni, na nimemrekodi dakika 11 akihadithia maisha ya utotoni mwake. Nataka video ile iwe na maandishi chini, ili hata binamu zangu wa Nairobi wasiojua Chidigo wafuate. Kuna programu ya video inaitwa ffmpeg, ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na nusu ya video unazotazama kwa simu pengine zimepitia mikononi mwake. Toleo lake la 8.0, lililotoka Agosti 2025, linaweza kusikiliza sauti na kuandika maneno lenyewe, kwa kutumia modeli ya Whisper. Lakini kwenye laptopu yangu toleo lililokuja tayari lilikuwa la zamani. Nikitaka hiyo kazi, lazima nijenge mwenyewe kutoka mwanzo.

Ndiyo nikajenga. Ndiyo ikagoma. Na badala ya kufunga laptopu, nikaamua kwanza nijue hiki kitu "maktaba" kilitoka wapi. Stori yake ni tamu kuliko nilivyodhani.

Maktaba ya kwanza ilikuwa kabati

Mwaka 1949, Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, kulikuwa na kompyuta inaitwa EDSAC. Ilijaza chumba. Programu yake ya kwanza ilikimbia tarehe 6 Mei mwaka huo. Waliokuwa wakiitumia wakagundua haraka kwamba kila mtu anaandika vitu vile vile: kutafuta kipeo cha pili, kuchapisha namba, kupiga hesabu za kugawanya. Kila mtu anaandika upya, kila mtu anakosea upya. Maurice Wilkes, aliyeiongoza kazi ile, alikuja kukumbuka baadaye vile ilivyomjia mwaka ule ule kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki angeitumia kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Huyo ndiye aliyeijenga mashine yenyewe. Mimi na wewe ni nani?

Basi wakafanya jambo la akili. Kila kipande cha kazi ya kawaida wakakiandika mara moja, wakakihakiki, wakakitoboa kwenye utepe wa karatasi, wakaweka kabatini. Kabati la kweli, la chuma, lenye droo. Ukitaka kipeo cha pili, unaenda kwenye droo, unatoa utepe, unaunakili kwenye utepe wako, unarudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba. Mwaka 1951 Wilkes, pamoja na David Wheeler na Stanley Gill, wakatoa kitabu cha kuelezea mtindo huo, na kufikia hapo kabati lilikuwa na vipande zaidi ya 80.

Kwa hiyo nikisema "maktaba haipatikani" mwaka 1951, maana yake ni moja tu: umefungua droo, utepe haumo. Unamuuliza aliyeuchukua, mnamalizana.

Kwa nini vitu vikatawanyika

Shida ilikuja kompyuta zilipozidi na programu zikanenepa. Fikiria una programu 50, na kila moja imebeba tumboni nakala yake ya kazi ile ile, tuseme ya kuchora madirisha kwenye skrini. Umelipia diski mara 50 na memori mara 50, na zamani memori ilikuwa ghali balaa. Tangu miaka ya 1960, mradi wa Multics huko Marekani ulikuwa umeonyesha njia nyingine: programu isibebe, iazime. Maktaba ikae mahali pamoja, na programu zote ziifuate wakati zinapokimbia. Mwaka 1988 kampuni ya Sun ikaleta mtindo huo kwenye SunOS 4.0, na polepole dunia yote ya Unix, kisha Linux, ikaufuata.

Faida yake si diski tu. Mwaka 2014 kasoro iliyopewa jina Heartbleed iligunduliwa kwenye maktaba ya OpenSSL, ile inayolinda siri za tovuti nyingi duniani. Mashine nyingi ziliponywa kwa kubadilisha maktaba moja na kuziwasha upya programu zinazoiazima, bila kuzijenga moja moja.

Lakini kuazima kuna adabu zake. Ukipika wali wa nazi na nazi iko kwa jirani, lazima jirani awepo, mlango uwe wazi, na wewe ujue nyumba yake ni ipi. Programu ikitoka kwa mwenyewe hadi kwangu, haiji na maktaba zake. Inakuja na orodha ya wanaoidai.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 watu wakaanza kujenga mapatanishi. Autoconf ya mwaka 1991, iliyosambaza ile desturi ya "./configure", inakagua mashine yako kabla ya ujenzi kuanza. Debian, iliyozaliwa 1993, ikapanga programu na maktaba kwenye vifurushi, na mwaka 1999 ikatoa toleo lenye apt, ile amri inayokuletea kifurushi pamoja na vyote kinavyovitegemea. Mwaka 2000 ikaja pkg-config, ambayo kazi yake ni kujibu swali moja: maktaba fulani iko wapi kwenye hii mashine?

Huyo pkg-config ndiye aliyenikatalia mimi saa saba usiku.

Boda anayejua vituo vitatu

Hapa ndipo nililala vibaya miaka yote hii. Nilidhani "not found" maana yake "hakuna". Sivyo.

Chukua mfano. Umemtuma boda akakuletee mzigo. Yeye anajua vituo vitatu tu: Kona ya Musa, Ukunda stendi, na Bongwe. Anazunguka vyote vitatu, anarudi, anakuambia: hakuna. Mzigo uko Tiwi, umekaa barazani unakusubiri. Boda hajadanganya, kwenye vituo vyake hakuna kweli. Kosa ni lako, hukumwambia Tiwi.

Pkg-config ni boda huyo. Ana orodha fupi ya folda, na ndani yake anatafuta kijifaili kinachoishia na .pc. Akikikosa, anasema haijapatikana. Hajakagua diski yako nzima. Hajui hata kama umeijenga jana.

Na mimi nilikuwa nimeijenga jana! Maktaba ya whisper, ile iliyoandikwa na Mbulgaria Georgi Gerganov tangu 2022, nilikuwa nishaigeuza na kuisimika. Ila kwa kuogopa kuharibu mfumo, niliiweka kwenye folda yangu mwenyewe nyumbani, nikaiita "programu". Nikauliza diski:

find ~ -name "whisper.pc"

Sekunde mbili. Hiyo hapo, imekaa kwenye programu/lib/pkgconfig, salama salmini. Nikamwambia boda kuhusu Tiwi:

export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/programu/lib/pkgconfig

Nikarudia ./configure. Ikapita. Wallahi nilisimama nikazunguka chumba.

Mwaka mzima wa kujiona mjinga, na jibu lilikuwa mstari mmoja wa kuelekeza njia.

Jirani kupitia ng'ambo

Nikikaa na hilo jambo, nikakumbuka kwamba nchi hii yenyewe iliwahi kuishi na kosa la aina hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilikuwa na kampuni kadhaa za intaneti, lakini hazikuwa zimeungana humu ndani. Ukiwa Nairobi, umtumie barua pepe mtu wa jengo la ng'ambo ya barabara, na yeye yuko kwenye kampuni nyingine, ile barua ilipanda setilaiti, ikaenda hadi ng'ambo, kisha ikarudi hapo hapo. Mtu yuko mita 50. Alikuwepo. Njia ndiyo haikuwepo.

Novemba 2000 kampuni hizo zikaweka kituo cha kubadilishana data, KIXP. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kubeba mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akaamuru kifungwe. Kilikuwa kimefanya kazi kama wiki mbili tu. Mabishano yakaendelea zaidi ya mwaka, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Hakuna kompyuta mpya iliyogunduliwa wala sayansi mpya. Ilikuwa ni kuelekeza njia tu, na watu wakagombana juu yake mwaka na zaidi.

Huku kwetu kusini hali ilikuwa vile vile, ila zaidi. Binamu yangu mkubwa alifanya kazi kwenye saiba moja hapa Ukunda. Alikuwa na CD ya Ubuntu iliyokuja kwa posta bure, maana kati ya 2005 na 2011 waundaji wa Ubuntu walikuwa wanawatumia watu CD dunia nzima, hata sanduku la posta la Ukunda. CD inawaka vizuri, kila kitu kinang'aa. Lakini akitaka kujenga chochote kisichomo kwenye CD, maktaba zinazokosekana ziko kwenye seva ya mbali, na saiba inatoza kwa dakika. Yeye hakuambiwa "haijapatikana" na kompyuta. Aliambiwa na bei.

Juni 2009 waya wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa, na Julai SEACOM ikawashwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikuelewa kwa nini wakubwa wanashangilia waya. Leo naelewa. Siku hizi hata nakala za vifurushi vya Debian na Ubuntu ziko kwenye seva za humu humu Kenya, apt inaleta maktaba kabla chai haijapoa. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikawa ya kukokota, tukakumbushwa wote kwamba tunaazima kutoka mbali.

Kwa hiyo mtu wa rika langu akiniambia vijana wa Pwani hawana kichwa cha kompyuta, namuuliza tu: njia ilifunguliwa lini?

Kosa la pili

Usidhani usiku uliisha hapo. Ujenzi ukakimbia karibu saa nzima. Ukamalizika bila kosa. Nikaiwasha ffmpeg yangu mpya kwa bashasha, ikaniambia:

libwhisper.so.1: cannot open shared object file

Zamani ningelia. Safari hii nilicheka, kwa sababu nilishajua ukoo. Angalia vizuri: wakati wa kujenga, anayetafuta ni pkg-config. Wakati wa kukimbia, anayetafuta ni mtu mwingine kabisa, kipakiaji cha maktaba, na ana orodha yake mwenyewe ya folda. Nilimwelekeza boda wa kwanza. Boda wa pili hajaambiwa.

Hapo nikaongeza folda yangu ya programu/lib kwenye orodha ya mfumo, ndani ya /etc/ld.so.conf.d, nikapiga sudo ldconfig ili aisome upya. Ikawaka.

Hebu niwaachie mpangilio, mtu asipitie nililopitia. Kwanza, soma jina. Kosa la aina hii huwa linataja kitu kinachokosekana, usikimbilie mistari 200 iliyo juu yake. Pili, uliza kama kipo kwenye diski, kwa find. Tatu, kama hakipo kweli, tafuta kifurushi chake, na usisahau mkia wa "-dev". Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha kawaida kina maktaba ya kukimbizia programu, na chenye -dev kina faili za kujengea. Watu wengi wanakwama hapo: wanaapa maktaba wanayo, na kweli wanayo, ila wana nusu. Nne, kama kipo, elekeza njia. Tano, ikigoma wakati wa kukimbia, piga ldd kwenye programu yako, itakuorodheshea kila inachoazima na kipi haikioni. Na ffmpeg yenyewe huacha barua: faili ya ffbuild/config.log inasema ilijaribu nini hasa kabla ya kukata tamaa.

Kile ambacho hakipo kweli

Alfajiri nikampa ffmpeg yangu sauti ya bibi.

Modeli ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti, karibu lugha 100. Kiswahili kimo, ingawa inakisikia vibaya kuliko Kiingereza. Chidigo hakimo. Nilijua, ila nilitumaini undugu wa lugha utasaidia. Bibi aliposema "madzi", mashine ikaandika "maji". Nikafurahi. Aliposema "mudzi", yaani nyumbani kwao, mji aliozaliwa, mashine ikaandika "muziki".

Ikaendelea hivyo dakika 11. Bibi anahadithia mji wake, chini panaandikwa muziki. Muziki wetu uliungua. Tukauacha ule muziki tukahamia huku. Nilicheka mpaka nikanyamaza.

Hapa sasa hakuna PKG_CONFIG_PATH itakayoniokoa. Nimetafuta diski nzima, nimetafuta intaneti nzima, kile ninachokitaka hakiko Tiwi wala hakiko Cambridge. Hakijaandikwa. Kuna kosa la njia na kuna kosa la kitu chenyewe, na kazi ya mtu mzima ni kutofautisha. La kwanza unalimaliza kwa mstari mmoja. La pili lazima mtu aketi.

Na watu wamewahi kuketi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Maneno mengi ya kompyuta hayakuwepo, wakakaa wakayatafuta moja moja. Mwaka huo huo ikatoka Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili. Nimeiona mara moja tu, kwa mwalimu mmoja mstaafu, imechakaa kama msahafu wa chuoni. Kwangu hao wote ni watu wa kabati: waliandika kitu mara moja, wakakihakiki, wakakiweka mahali mwingine ataazima.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya. Nimeizima ile sehemu ya kuandika yenyewe. Ninaandika kwa mkono, sentensi kwa sentensi, Chidigo juu na Kiswahili chini, pamoja na sekunde ambayo kila sentensi inaanza. Dakika 11 zimenichukua siku nne, maana kuna maneno lazima nimpigie bibi, na bibi akipigiwa simu anataka kwanza ajue kama nimekula. Kila sentensi naihifadhi na kipande chake cha sauti kwenye folda moja. Kwa sasa ziko 143. Modeli haifunzwi kwa sentensi 143, najua. Lakini ile droo ya kwanza Cambridge nayo ilianza na utepe mmoja.

Kama una bibi au babu Lunga Lunga, Kinondo, Shimoni, popote, na una simu ya kurekodi, na yeye mwenyewe amekubali, anza. Ukikwama kwenye kujenga chochote, niandikie kosa lako lote, usinikatie. Nitakuuliza kwanza: umeangalia wapi?

Video ya bibi inatoka Ijumaa. Pale panapostahili, chini pameandikwa "mudzi".